Taa ya onyo ikiwaka angani, marubani wanafanya nini?

Ni Desemba. Ndege kutoka Dar imejaa watu wanaokwenda Kilimanjaro kula Krismasi nyumbani, na uwanja wa KIA unaonekana mbele. Rubani anashusha matairi. Kwa kawaida taa tatu za kijani huwaka, moja kwa kila mguu wa ndege, kuonyesha kwamba matairi yameshuka na kujifunga vizuri. Leo zimewaka mbili tu.

Huu ni mfano, lakini ni hali ambayo marubani huifanyia mazoezi. Kwa abiria, ndege inaacha kutua na kupanda tena ghafla. Watu wanaanza kutazamana. Kule mbele kazi inakwenda kwa mpangilio.

Kwanza, ndege iruke

Kanuni ina hatua tatu: rusha ndege, jua unakoelekea, kisha ongea. Kwa hiyo kabla ya kuhangaika na taa, ndege inapandishwa hadi kimo salama.

Hapa kwetu hilo si jambo dogo. KIA iko katikati ya Kilimanjaro yenye mita 5,895 na Meru inayozidi mita 4,500. Mei 18, 1955, ndege ya East African Airways iliyokuwa ikitoka Dar kwenda Nairobi iligonga kilele cha Mawenzi na watu wote 20 wakafa. Ndiyo maana ramani za marubani zinaonyesha kimo cha chini kinachoruhusiwa kila eneo.

Mmoja anarusha, mwingine anashughulika

Marubani wawili wanagawana kazi. Mmoja macho yake hayatoki kwenye kimo na mwendo. Mwingine anafungua kitabu cha dharura na kusoma hatua moja baada ya nyingine.

Utaratibu huu ulipatikana kwa gharama kubwa. Desemba 29, 1972, ndege ya Eastern Air Lines ilikuwa ikikaribia Miami, Marekani, na taa ya matairi ya mbele ikagoma kuwaka. Wote kule mbele wakazama kwenye taa hiyo. Hakuna aliyeona ndege inashuka taratibu gizani, hadi ikaanguka kwenye kinamasi. Watu 101 walikufa. Wachunguzi walipofika walikuta kilichoharibika ni balbu.

Rangi zinasema nini?

Nyekundu ikiambatana na kengele maana yake chukua hatua sasa hivi, kwa mfano moto kwenye injini. Hatua za kwanza marubani wanazijua kwa kichwa. Njano ni tahadhari: kuna kitu hakiko sawa, lakini muda wa kusoma kitabu upo.

Onyo nalo hudanganya

Januari 30, 2000, ndege ya Kenya Airways ilipaa usiku kutoka Abidjan, Ivory Coast. Ilipoacha tu ardhi, onyo likalia kwamba inapoteza uwezo wa kuelea hewani. Onyo lile halikuwa la kweli. Rubani aliyekuwa akirusha alisukuma usukani mbele, pua ikainama, na ndege ikaingia baharini. Kati ya watu 179, walipona 10.

Kwa hiyo kosa liko pande mbili: kuzama kwenye taa, au kuitii haraka bila kulinganisha na vipimo vingine.

Turudi KIA

Ndege inazunguka mbali na milima. Marubani wanaangalia kama balbu ndiyo imekufa. Ikishindikana, wanatumia njia ya dharura inayoyaacha matairi yashuke kwa uzito wake. Wanaweza kupita chini ili waongoza ndege wayatazame kutoka mnarani. Ila kutoka pale mtu anaona tairi limeshuka tu, hawezi kujua kama limejifunga.

Wakati huo wahudumu wanaambiwa wajiandae, na magari ya zimamoto yanasogea. Njia ya kurukia ya KIA ina urefu wa kama kilomita 3.6, hivyo nafasi ya kusimama ipo ya kutosha. Mafuta nayo yanahesabiwa: tuzunguke dakika ngapi, au turudi Dar?

Abiria afanye nini?

Afunge mkanda, avae viatu, amsikilize mhudumu, na begi aliache hata kama lina zawadi za bibi. Katika kutoka kwa dharura, mtu mmoja anayevuta begi anawazibia njia wote walio nyuma yake.

Na rubani akitangaza kwamba mnarudi Dar, hasira zitakuwepo. Kuna aliyekuwa anawahi mazishi Marangu, kuna aliyesubiriwa Rombo na mbuzi wake. Lakini kuchelewa kufika ni sehemu ya kazi yenyewe. Rubani anayeogopa manung'uniko ya abiria kuliko taa iliyozimika ndiye wa kuogopwa.