Unasafishwa damu? Homa ya safarini usiimeze na dawa za dukani

Na Mwandishi Wetu

Mfanyabiashara wa vitunguu anayevusha mzigo Namanga huenda ameshaona kazi ya bakteria aitwaye Burkholderia cepacia. Ni mmoja wa wanaoozesha vitunguu. Mtaalamu wa magonjwa ya mimea wa Marekani, Walter Burkholder, alimwelezea mwaka 1950.

Kwa mtu mwenye afya njema, kwa kawaida bakteria huyo hana madhara. Kwa mgonjwa wa figo anayesafishwa damu kwa mashine, anaweza kuua.

Njia yake ya kwanza ni maji. Wagonjwa wengi husafishwa damu mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara. Kila awamu hutumia lita 120 hivi za maji, yanayotenganishwa na damu kwa utando mwembamba tu. Burkholderia na wenzake, kama Ralstonia, huweza kuishi ndani ya mabomba, hata ndani ya baadhi ya dawa za kuua vijidudu.

Njia ya pili ni mpira unaowekwa kwenye mshipa mkubwa wa shingoni. Mara nyingi mpira huo huingiza bakteria wa kawaida wa ngozini. Hawa wa nadra wakiingia, antibayotiki nyingi zilizozoeleka haziwawezi.

Hapo ndipo safari inapoleta hatari. Homa ikimshika njiani, mfanyabiashara hupitia duka la dawa, hununua dawa ya malaria na antibayotiki, kisha huendelea kushusha mzigo. Antibayotiki ikitangulia, maabara inaweza isimwone bakteria, na daktari akabaki akibahatisha tiba.

Kwa anayesafishwa damu, homa au kutetemeka, hasa akiwa kwenye mashine, ni dharura. Damu ichukuliwe ikaoteshwe maabara kabla ya dozi ya kwanza. Malaria ipimwe pia, lakini kukutwa nayo kusifunge uchunguzi.

Ukipanga kusafishwa damu ng'ambo ya mpaka, beba barua ya kituo chako yenye dawa unazotumia na majibu ya vipimo vya homa ya ini na VVU. Uliza maji ya mashine yalipimwa bakteria lini. Inashauriwa yapimwe angalau kila mwezi. Mpira usiloane, wala usifunguliwe na asiye mhudumu wa dayalisisi. Muulize pia daktari wako kuhusu kutengenezewa mshipa mkononi kwa upasuaji. Huchukua wiki kadhaa kuwa tayari, lakini maambukizi yake ni machache kuliko ya mpira.

Na homa ikianza ukiwa mpakani, mzigo mwachie mwenzako, wewe nenda hospitali.