Damu Inapovuja Ndani ya Misuli ya Tumbo

Si kila maumivu makali ya tumbo hutokana na viungo vilivyo ndani yake. Pengine chanzo ni ukuta wa tumbo wenyewe: damu huvuja na kujikusanya katika ala inayofunika misuli miwili iliyonyooka kutoka mbavuni hadi mfupa wa kinena. Hali hii ni nadra, lakini hufanana na ugonjwa wa kidole tumbo, hata mgonjwa akaweza kupasuliwa pasipo haja.

Ateri za misuli hiyo huweza kuchanika kwa kikohozi kikali, pigo au sindano ya tumboni. Walio hatarini zaidi ni wazee, hasa wanawake, na watumiaji wa dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarini na heparini. Chini ya kitovu, ala hukosa ukuta wake wa nyuma. Damu ikivuja hapo huweza kuteremka hadi kwenye nyonga na kupotea kwa wingi.

Uchunguzi huanza kwa mkono. Mgonjwa hulala chali, mahali panapouma hubonyezwa, kisha huinua kichwa na mabega. Maumivu yakibaki vilevile au yakizidi, ukuta wa tumbo hushukiwa. Yakipungua, chanzo huenda kiko ndani zaidi, kwa kuwa misuli iliyokaza huwa ngao. Kipimo hiki kilielezwa na daktari J. B. Carnett mwaka 1926. Michubuko huweza kuchelewa kwa siku kadhaa. Kutoonekana kwake si kinga. Ultrasaundi husaidia, lakini CT skani huthibitisha vizuri zaidi. Kiwango cha hemoglobini na uwezo wa damu kuganda hupimwa pia.

Wagonjwa wengi hupona kwa mapumziko, barafu na parasetamoli, bila upasuaji. Aspirini na ibuprofeni huepukwa katika kutuliza maumivu. Damu ikiendelea kuvuja, mgonjwa huongezewa damu, na athari ya warfarini hupunguzwa kwa vitamini K; ikishindikana, ateri huzibwa au upasuaji hufanywa.

Mgonjwa asiache dawa ya kuzuia damu kuganda kwa hiari yake, maana huenda ndiyo inayomkinga na kiharusi. Uamuzi huo ni wa daktari. Lakini akipata uvimbe wa tumbo wenye maumivu ya ghafla, kizunguzungu au mapigo ya moyo ya kasi, afike hospitali mara moja, na aitaje dawa hiyo mapema.