Kilimia: kalenda ya wakulima, kalenda ya nyota

Mwezi Novemba, mnamo saa mbili usiku, mawingu ya vuli yakipisha anga kidogo, simama mahali pasipo na taa kisha uelekee kaskazini mashariki. Utaona fungu dogo la nyota zilizobanana, kama punje za mchele zilizodondoka pembeni mwa ungo. Mwenye macho makali huhesabu sita au saba. Hicho ndicho Kilimia.

Jina lenyewe linatokana na kulima. Wazee wa pwani walikitazama ili kujua majira: kikizama wakati wa mvua, kitazuka wakati wa jua, na kinyume chake. Wazulu huko kusini wanakiita isiLimela, jina la mzizi uleule. Katika orodha za wanajimu wa kisayansi kinajulikana kwa namba M45, na kwao pia ni kalenda. Tofauti ni kwamba mkulima alihesabu miezi, wao wanahesabu mamilioni ya miaka. Kinachowasaidia kuhesabu ni rangi ya nyota.

Ukikitazama Kilimia kwa darubini ndogo, hata ile ya macho mawili ya kutazamia wanyama mbugani, utagundua kwamba nyota zake kubwa zina weupe wa kibuluu. Mhunzi anaielewa lugha hiyo. Chuma kikianza kupata moto huwa chekundu, mivukuto ikizidi huwa cha njano, na moto ukikolea huwa cheupe. Nyota nayo hufuata kanuni hiyo hiyo, ila yenyewe huvuka weupe na kufika kwenye buluu. Uso wa Jua letu una joto la nyuzi 5,500 hivi za Selsiasi. Alcyone, nyota angavu kuliko zote katika Kilimia, ina takriban nyuzi 12,000.

Mtu anaweza kudhani kwamba joto likiwa maradufu, mwanga nao utakuwa maradufu. Sivyo. Joto la uso, likihesabiwa kuanzia sufuri halisi (baridi ya mwisho kabisa), likiongezeka mara mbili, nishati inayotoka katika kila kipande cha uso huo huongezeka mara 16. Alcyone imezidi kiwango hicho, na upana wake ni zaidi ya mara tisa ya upana wa Jua. Ukizidisha ukali wa moto kwa ukubwa wa uso unapata nyota inayotoa nishati takriban mara 2,000 ya Jua. Sehemu kubwa ya nishati hiyo hatuioni, kwa kuwa hutoka kama miale ya urujuanimno, jamii ya miale inayounguza ngozi na inayowalazimu ndugu zetu wenye ualbino kuvaa kofia pana na kupaka mafuta ya kinga. Jua hutoa kiasi kidogo tu cha miale hiyo. Kwa nyota ya buluu, ndiyo mazao yake makuu.

Moto huo wote unatokana na uzito. Alcyone ina uzito wa karibu Jua sita. Uzito huo unakandamiza kitovu cha nyota, na ili isiporomoke ndani, kitovu lazima kiwe na joto kali la kusukuma kurudi nje. Humo kitovuni viini vya haidrojeni huungana kuwa heliamu na kutoa nishati. Katika Jua muungano huo huenda taratibu. Katika nyota nzito hupitia njia nyingine, inayotumia kaboni, nitrojeni na oksijeni kama visaidizi, na njia hiyo ni nyepesi mno kuchochewa: joto la kitovu likipanda kidogo tu, kasi ya kuunguza hupanda mara nyingi.

Hapo ndipo rangi inapogeuka kuwa umri. Mama lishe mwenye magunia sita ya mkaa anayepikia arusi kila siku ataishiwa kabla ya jirani yake mwenye gunia moja anayechemsha chai ya watu wawili. Jua, lenye gunia moja, limejaliwa maisha ya miaka kama bilioni 10, na limekwisha kutumia bilioni 4.6. Nyota yenye uzito wa Jua kumi humaliza haidrojeni ya kitovu chake kwa miaka milioni 20 na ushei. Kwa hiyo popote unapoiona nyota nzito ya buluu ikiwaka, huna haja ya kuuliza cheti cha kuzaliwa. Ingekuwa mzee, ingekuwa imekwisha kuzimika.

Nyota za Kilimia zilizaliwa pamoja, kutoka wingu moja la gesi. Wanasayansi wanaangalia ni nyota za uzito gani ambazo bado zinaunguza haidrojeni yao, na ni zipi zilizokwisha kuipita hatua hiyo. Hesabu hiyo inakipa Kilimia umri wa miaka milioni 100 hadi 125. Kwa kipimo cha anga, huo ni utoto. Mijusi wakubwa ambao mifupa yao ilichimbuliwa Tendaguru, mkoani Lindi, waliishi miaka milioni 150 hivi iliyopita. Walipokanyaga ardhi ya Lindi, Kilimia hakikuwapo angani.

Na utoto huo tayari una msiba. Ndani ya kundi hilo kuna kibete cheupe, yaani masalia ya nyota iliyokufa, chenye uzito unaokaribiana na wa Jua lakini kimejikunja hadi kukaribia ukubwa wa Dunia. Nyota iliyokiacha ilikuwa nzito kuliko ndugu zake wengi, ikala akiba yake mapema. Alcyone yenyewe iko njiani kuelekea uzee.

Nyota changa zina sifa nyingine: zinazunguka kwa kasi. Jua huchukua siku 25 hivi kujizungusha mara moja kwenye ikweta yake. Pleione, jirani wa Alcyone, hujizungusha mara moja kwa chini ya siku moja, kwa mwendo wa kilomita zaidi ya 300 kwa sekunde. Kasi hiyo imeibonyeza, ikapanuka kiunoni, na gesi yake imemwagika ikafanya mkanda kuizunguka.

Kilimia kiko umbali wa takriban miaka ya nuru 440. Nuru unayoiona leo iliondoka huko kabla mawe ya Ngome ya Yesu hayajapangwa Mombasa, mwaka 1593. Galileo alipokitazama kwa darubini yake, alichora nyota 36 katika kitabu alichochapisha mwaka 1610. Leo tunajua ni zaidi ya 1,000, nyingi zikiwa ndogo na hafifu, na hizo ndizo zitakazobaki zikiwaka muda mrefu baada ya zile za buluu kutoweka.

Ifikapo Mei, masika yakiwa yanaelekea ukingoni, Kilimia kitazama pamoja na Jua na kutoonekana. Mwezi Juni kitazuka tena mashariki kabla ya alfajiri kupambazuka, anga likiwa kavu, kama wazee walivyosema. Mtoto aliye karibu nawe mwamshe akione. Mwambie kwamba kwa rangi ile ya buluu mtu aliye shambani anaweza kujua ni nyota ipi bado changa, bila kuondoka alipo.