Wakiomba Bei, Jibu

Ndugu mkulima wa Migori na wa Homa Bay, siku moja simama mbele ya lango la shule ya bweni au ubao wa matangazo wa ofisi ya serikali. Huenda ukaona karatasi yenye mhuri: mahindi yatakiwa, maharagwe yatakiwa, mayai, maziwa, mboga, kuni. Wengi huisoma, wakatikisa kichwa, wakaenda zao. Husema, "Hiyo ni kazi ya matajiri." Kisha mavuno yakifika, humwuzia mchuuzi wa kwanza ajaye na lori, kwa bei aitakayo yeye. Na shule iliyo karibu na shamba hula mahindi yaliyotoka mbali.

Jambo hili laweza kubadilika, lakini hapana budi wewe ujibu.

Kwa Nini Jibu Lako Latakiwa

Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2015 yasema kwamba ofisi ikiomba bei kwa ununuzi mdogo, yapaswa kupata majibu yasiyopungua matatu kabla ya kuyapima. Yakija mawili tu, kazi husimama na jiko la shule hungoja. Wakijibu watu wale wale kila mwaka, mnunuzi hana bei nyingine ya kulinganisha. Basi usidhani kwamba waomba hisani. Mnunuzi naye akuhitaji.

Tena sheria hiyo yaagiza kwamba sehemu 30 katika kila 100 za fedha za ununuzi ziwekwe kwa biashara za wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kaunti nayo yatakiwa kuwawekea wakazi wake sehemu zisizopungua 20 katika kila 100. Lakini fungu hilo halimfuati mtu nyumbani kwake. Hupewa aliyejibu.

Kidole Kimoja Hakivunji Chawa

Tuseme shule yataka magunia 100 ya mahindi, kila gunia kilo 90. Hizo ni kilo 9,000. Mwenye eka mbili hawezi peke yake. Lakini wakulima 20 wakitoa magunia matano kila mmoja, mzigo umetimia. Vivyo hivyo kwa viazi vitamu vya Kabondo na njugu za Ndhiwa.

Kiandikisheni kikundi chenu, fungueni akaunti ya benki, pateni namba ya kodi ya KRA na cheti cha kuonyesha kwamba hamdaiwi kodi. Kikundi cha wanawake au vijana kikitaka kuingia katika lile fungu la 30, wanachama 70 katika kila 100 wawe wanawake au vijana hao, na viongozi wote wawe miongoni mwao. Cheti chake hutolewa na Hazina ya Taifa. Vikundi hivyo havidaiwi dhamana ya benki katika tenda. Hutia sahihi fomu ya ahadi tu.

Makosa Madogo Yaangushayo

Wengi hawashindwi kwa bei. Hushindwa kwa karatasi. Angalia haya:

1. Tia namba kila ukurasa wa tenda, kutoka wa kwanza hadi wa mwisho. Sheria yataka hivyo.

2. Peleka mapema. Tenda ikifika baada ya saa iliyowekwa hurudishwa bila kufunguliwa.

3. Piga hesabu mara mbili. Jumla ikisha kusomwa siku ya kufungua tenda, haisahihishwi. Usisahau gharama ya magunia, ya kukausha na ya lori.

4. Kausha mahindi vema. Kipimo cha Afrika Mashariki ni unyevu usiozidi 13.5 katika kila 100. Tia mahindi na chumvi kavu katika chupa kavu, utikise. Chumvi ikishika kioo, rudisha mahindi juani. Isiposhika, bado upimiwe kwa mashine kabla ya kupakia.

Hofu Mbili

Wengine huuliza, "Je, si mambo yamekwisha kuamuliwa?" Upendeleo upo, wala haufai kufichwa. Lakini hustawi pale ambapo watu ni wachache. Siku ya kufungua tenda una haki kuwapo na kusikia kila bei ikisomwa. Ukishindwa, una haki kuambiwa sababu. Ukiona sheria imevunjwa, una siku 14 za kupeleka malalamiko kwa bodi ya rufani za ununuzi.

Hofu ya pili ni malipo kuchelewa. Hiyo ni kweli, na imewaumiza wengi. Basi anza na mzigo mdogo. Waulize waliokwisha kuuza hapo walilipwa baada ya muda gani. Usiahidi mahindi ambayo watoto wako watayala, wala usikope fedha usizoweza kungojea.

Fanya Hili Mwezi Huu

Mwendee mwalimu mkuu au karani wa ununuzi aliye karibu nawe. Mwulize: mwatangaza mwezi gani, na mwataka nini? Shule nyingi hutafuta wauzaji wa mwaka ujao mwishoni mwa mwaka, hivyo uliza ungali na muda wa kupanda na kukausha. Kisha wakusanye jirani zako, uwasomee karatasi hiyo. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu.