Nyasi Bandia Nyuma ya Nyumba: Usilipe Uwanja Wote Kabla Haujauona

Mteja wetu mmoja wa Kitengela alitupigia simu akiwa amechemka. Alikuwa ametuma shilingi 180,000 kwa laini ya fundi ili watoto wawekewe kauwanja ka nyasi bandia nyuma ya nyumba. Fundi alikuja siku mbili, akachimba, akaacha roli moja ya nyasi ikiegemea ukuta, kisha ikawa "mteja hapatikani". Mama alitaka tumrudishie pesa zake.

Hatukuweza. Kurudisha muamala ni kwa aliyekosea nambari, na hata huyo inabidi awahi kabla pesa hazijatolewa. Yeye alimtumia mtu aliyemkusudia, kiasi walichokubaliana, akaweka PIN mwenyewe. Tulimwelekeza kwa polisi na kwa Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiza madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Lakini swali lilitubakia: angelipaje tangu mwanzo?

Ili kulijibu, lazima ujue kazi yenyewe inavyokwenda. Wengi hudhani uwanja ni nyasi. Ukweli ni kwamba uwanja ni kile kilicho chini yake. Kitengela, Athi River na sehemu nyingi za Nairobi zina ule udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kuvimba mvua ikinyesha. Ukitandika nyasi juu yake, msimu mmoja tu utakuwa na mabonde. Udongo huo hutolewa, mahali pake panajazwa mawe na kokoto, juu vumbi la mawe la kwari, na kila tabaka linashindiliwa kwa mashine. Si kwa miguu, si kwa kumwagia maji na kungoja.

Tuchukue uwanja wa mita 10 kwa 16, unaotosha watoto watatu kwa watatu. Hiyo ni mita 160 za mraba. Ukijaza kina cha sentimita 15, unahitaji mita 24 za ujazo, na uagize zaidi kidogo kwa sababu vitu vikishindiliwa hupungua. Uwanja uinamishwe kidogo ili maji yaende upande mmoja: mteremko wa asilimia 1 ni sentimita 10 tu katika upana wa mita 10. Jicho halitauona, lakini maji yatauona. Na yasielekee kwa jirani, maana hiyo ni kesi nyingine.

Sasa nyasi. Roli nyingi huwa na upana wa mita 2 au 4. Hapa ndipo pesa hupotea kimya kimya. Ukitandaza roli za mita 4 kwa urefu wa uwanja, utahitaji vipande vitatu vya mita 16, yaani mita 192 za mraba, na 32 kati ya hizo zitakatwa na kutupwa baada ya wewe kuzilipia. Zigeuze zilale kwa upana: vipande vinne vya mita 10, jumla 160 kamili, hakuna cha kutupa. Mwambie fundi akuchoree jinsi zitakavyolala kabla hujanunua hata mita moja. Akisema "usijali, nitajua nikifika", jali.

Urefu wa nyasi nao una maana. Zile za milimita 40 hadi 60 ni za kandanda, na hujazwa mchanga ili zisimame. Fupi, za milimita 10 hadi 20, zinafaa tenisi na michezo mchanganyiko. Kama mtoto wako ni wa kikapu, achana na nyasi kabisa. Mpira haudundi vizuri, afadhali umwage zege. Jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji sana: nyasi bandia hushika joto. Saa nane mchana kule Mombasa au Kisumu, mtoto asiye na viatu hatakaa juu yake. Panda mti upande wa magharibi, au wacheze jioni.

Tukirudi kwa pesa, ushauri wetu ni kutenganisha vitu na kazi. Nyasi, gundi, utepe wa kuunganishia na kokoto, zilipie wewe mwenyewe moja kwa moja kwa muuzaji, kupitia Till au Paybill ya duka, wala zisipitie kwa laini ya fundi. Soma jina linalotokea kwenye skrini kabla ya kuweka PIN. Likiwa jina la mtu usiyemjua badala ya duka, simama, uliza. Kumbuka pia muamala mmoja hauzidi shilingi 250,000, na kwa siku 500,000, kwa hivyo usingoje hadi roli ziko langoni na dereva anapiga honi.

Fundi mlipe kwa kilichoonekana. Sehemu ya kwanza udongo ukishatolewa na tabaka kushindiliwa. Kabla ya kutuma, tembea juu yake, ruka; kisigino kikizama, bado. Sehemu ya pili nyasi zikishaunganishwa. Vuta maungio kwa mkono. Yakiachia leo, kesho mtoto atajikwaa hapo. Makubaliano haya yaandikwe, hata kama ni karatasi ya daftari yenye sahihi mbili, na ujumbe wa kila malipo usiufute. Mbele ya hakimu, karatasi hiyo na taarifa ya miamala yako ndizo zitakazokusemea.

Sehemu ya mwisho ibaki mkononi mwako hadi maji yapite. Kama hakuna mvua, fungulia mpira wa maji nusu saa.

Mama wa Kitengela alipata fundi mwingine, na safari hii alifuata utaratibu huo. Mvua iliponyesha, kesho yake alitoka kuangalia: uwanja wote ulikuwa umekauka isipokuwa kona moja karibu na tangi. Fundi alirudi, akainua nyasi, akaongeza vumbi la mawe, akashindilia tena, wakamwaga ndoo tatu za maji na kusubiri. Jioni hiyo ndipo ujumbe wa salio ulipoingia kwenye simu ya fundi.