Kuchagua Chuo cha Udaktari wa Meno (2): Uliza Viti Kabla ya Ada

Katika sehemu ya kwanza tulieleza nani anaweza kuomba nafasi: mhitimu wa kidato cha sita wa tahasusi ya PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia), alama zake na utaratibu wa maombi. Swali linalofuata nyumbani huwa la mzazi: chuo gani ni nafuu? Ni swali la haki, kwani miaka mitano ya shahada ni mzigo mzito kwa familia nyingi. Lakini ada peke yake haisemi mtoto atafundishwa nini, na katika fani hii mtu anaweza kutoka na cheti kizuri na mikono mitupu.

Udaktari wa meno ni kazi ya mikono kwanza. Siku mwanafunzi anapohitimu, anatarajiwa awe ameshang'oa, ameshaziba, ameshatibu mizizi na kutengeneza meno bandia yeye mwenyewe, mwalimu akiwa amesimama nyuma ya bega lake. Kutazama mwenzake akifanya hakuhesabiwi.

Chukua kazi moja tu, kuziba gego la juu. Gego hilo liko nyuma, na mwanafunzi halioni moja kwa moja. Analitazama kwenye kioo kidogo alichokishika kwa mkono wa kushoto, na kwenye kioo mbele huonekana nyuma. Mkono wa kulia umeshika mashine ambayo ncha yake huzunguka zaidi ya mara 300,000 kwa dakika. Tabaka gumu la nje la jino halizidi sana milimita 2 hata pale lilipo nene; chini yake ni dentini, na ndani kabisa ni kiini chenye mishipa ya damu na ya fahamu. Akichimba pungufu, ubovu unabaki umefunikwa na utaendelea kula jino. Akizidisha kidogo, amegusa kiini, na jino lililohitaji kuzibwa tu sasa linataka kutibiwa mzizi au kung'olewa. Ulimi unacheza, mate yanajaa, mgonjwa anashtuka. Uwezo wa kusimama katikati ya hayo yote bila kutetemeka hauji kwa kusoma usiku. Unaanzia kwenye kichwa cha bandia maabarani, kisha unajengwa kwa mgonjwa mmoja baada ya mwingine.

Kwa hiyo swali la kwanza la kukiuliza chuo ni hili: mna viti vingapi vya matibabu vinavyofanya kazi leo, na vinagawanywa kwa wanafunzi wangapi? Tufanye hesabu ya mfano. Chuo kina viti 20, na wanafunzi wa mwaka wa nne na wa tano wanaovitumia ni 80. Kila kiti kina zamu mbili kwa siku, asubuhi na mchana, siku tano kwa wiki. Hizo ni zamu 200 kwa wiki, yaani kila mwanafunzi anapata mbili na nusu. Kwa wiki 40 za masomo amekaa kwenye kiti mara 100. Sasa viti vitano viharibike, kompresa isitengenezwe kwa wakati au vipuri vichelewe bandarini. Zamu zinashuka hadi 150 kwa wiki, na kwa mwaka mwanafunzi amepoteza zamu 25. Kwa miaka miwili ni 50. Ada haikupungua hata shilingi moja.

Ndiyo maana nawasihi wazazi waende chuoni siku ya kazi. Siku ya mahafali kila kitu kimepakwa rangi. Siku ya kazi utaona viti vilivyofunikwa shuka, utaona kama mashine ya kutakasia vifaa inafanya kazi, utaona mwalimu mmoja anawazungukia wanafunzi wanne au kumi na watano. Waulize wanafunzi wa mwaka wa tano, maana hao hawana sababu ya kukuficha: mizizi mingapi umetibu kwa mkono wako? Anayejibu kwa namba bila kusita anasoma mahali pazuri.

Kiti bila mgonjwa nacho ni samani tu. Hapa vyuo vyetu vya umma vina utajiri ambao haumo kwenye vipeperushi. Shule ya meno ya Muhimbili, iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1970 na kwa muda mrefu ikawa pekee nchini kutoa shahada hii, ipo kwenye eneo moja na hospitali ya taifa ya rufaa. Wagonjwa wanatoka kila mkoa. Mwanafunzi anaona uvimbe mkubwa wa taya ambao kwingine angeuona kwenye picha ya kitabu. Anaona meno ya kahawia ya watu waliokulia kwenye maji yenye floraidi nyingi ya Arusha na kandokando ya Mlima Meru. Akienda mafunzo ya vijijini anakutana na mama ambaye mwanawe amechokonolewa fizi na mganga kwa imani ya "meno ya plastiki", na inambidi ajifunze kuzungumza na mama huyo bila kumtweza.

Lakini utajiri huo una upande wa pili, na mzazi aujue. Wagonjwa wetu wengi huja wakati jino limeshaoza hadi kwenye mzizi, na wengi hawana fedha za kulitibu, hivyo linang'olewa. Mwanafunzi anaweza kuhitimu akiwa na mkono mwepesi wa kung'oa na mzito wa kutibu mizizi. Chuo kinachojali huwa na viwango vya chini kwa kila aina ya kazi, na hakimruhusu mwanafunzi kufanya mtihani wa mwisho kabla hajavitimiza. Uliza viwango hivyo. Kama chuo hakiwezi kuvitaja, umepata jibu.

Wala tusidhani kwamba ubora ni mitambo mipya. Mbinu ya kuziba meno kwa vifaa vya mkono tu, bila mashine wala umeme, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipigia debe mwaka 1994 na leo inatumika katika nchi nyingi, ilianza kujaribiwa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, chini ya Mholanzi Jo Frencken, katika mpango wa afya ya kinywa uliohusiana na shule hiyohiyo ya meno ya Muhimbili, Dar es Salaam. Ubovu unakwanguliwa kwa kifaa cha mkono, shimo linajazwa saruji inayoshikana na jino, na mgonjwa mara nyingi hahitaji hata ganzi. Chuo kilichokuwa na upungufu mwingi kiliifundisha dunia kitu, kwa sababu kilikuwa na walimu waliofikiri. Walimu ni jambo la kuulizia sawa na viti: wangapi ni wa kudumu, na wangapi hupita jioni wakitoka kwenye kliniki zao.

Sasa habari ya kwenda nje. Mawakala wa vyuo vya India, China na Ulaya Mashariki wanatembeza bei ambazo wakati mwingine zinakaribia za vyuo binafsi vya hapa. Wapo waliosoma huko wakarudi madaktari hodari, hilo sina ubishi nalo. Lakini hesabu ifanywe yote. Ada ya dola inaweza kupanda hata isipopandishwa. Mwanzoni mwa 2020 dola moja ilikuwa karibu shilingi 2,300. Katikati ya 2024 ilikuwa imevuka 2,600. Ada ya dola 4,000 iliyokuwa milioni 9.2 ikawa zaidi ya milioni 10.4, na mshahara wa baba ni uleule. Ongeza viza, tiketi, bima, na vifaa ambavyo vyuo vingi humtaka mwanafunzi anunue mwenyewe. Ongeza pia yasiyotabirika: mwaka 2022 wanafunzi wa Kiafrika walikimbia Ukraine kwa treni na kwa miguu, na mwaka 2023 wanafunzi wa Kitanzania walirudishwa kutoka Sudan masomo yakiwa katikati.

Jambo ninaloona halipewi uzito ni lugha ya mgonjwa. Mwanafunzi anaweza kufundishwa darasani kwa Kiingereza, lakini bibi aliyekaa kwenye kiti huko anaongea lugha ya kwao. Hapa nyumbani mwanafunzi anasema, "Shikamoo bibi, jino linakusumbuaje?" na bibi anajibu, "Linapwita usiku kucha, mjukuu wangu, nikilala ndiyo zaidi." Neno hilo moja limeshamwelekeza kwenye kiini cha jino kabla hajashika kioo. Mwanafunzi asiyeelewa mgonjwa hupewa kutazama, kwa sababu hawezi kumwomba ridhaa wala kumtuliza. Miaka ya kutazama haimsaidii atakaporudi.

Na atakaporudi, shahada yake lazima itambuliwe na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), kisha akidhi masharti ya Baraza la Madaktari Tanganyika, yakiwemo mitihani na mwaka mmoja wa mafunzo kazini, kabla ya kusajiliwa. Ulizia taasisi hizo mbili kuhusu chuo hicho kwa jina lake kabla ya kumlipa wakala hata malipo ya awali, na uombe jibu kwa maandishi.

Kwa ambaye shahada iko mbali na mfuko wake, ipo stashahada ya miaka mitatu inayomtoa tabibu wa meno. Matabibu hawa ndio wanaobeba huduma ya kinywa kwenye vituo vya afya na hospitali nyingi za wilaya, na wengi wana mikono iliyokomaa kuliko ya mhitimu mpya wa shahada. Mwenye stashahada ya ufaulu mzuri anaruhusiwa baadaye kuomba shahada, na wanaofanya hivyo hufika kwenye kichwa cha bandia wakiwa wameshatibu vinywa vya kweli. Wiki ijayo tutaitazama njia hiyo kwa kina, pamoja na mikopo ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu na namna inavyogawanywa kwa wanafunzi wa fani za afya.