Mwanga, Mboni na Weupe Ndani ya Jicho la Mtoto

Leo tunazungumzia macho ya watoto wetu, hasa mboni, ile duara nyeusi iliyo katikati ya jicho.

Mboni ni tundu la kupitishia mwanga. Mchana, jua likiwaka, hunywea na kubaki kama milimita 2 hadi 4. Jioni, stima ikipotea pale Langas au Huruma, hupanuka na huweza kufika milimita 8, ili jicho lipate ule mwanga kidogo uliopo.

Je, rangi ya mwanga ina maana? Ndiyo. Gizani, mwanga wa buluu huinyweza mboni kuliko mwanga mwekundu wenye nguvu sawa. Chembe za jicho zinazotusaidia kuona gizani huuhisi sana mwanga wa buluu na wa kijani, lakini mwekundu huuhisi kidogo mno. Kwa hiyo mtoto akiketi gizani karibu na makaa mekundu ya jiko, mboni zake hubaki pana. Mmulike na tochi ya simu, yenye mwanga mweupe uliojaa buluu, nazo hunywea mara moja.

Mama, haya yanakuhusu vipi? Mboni pana ni kama mlango ulio wazi: ya ndani huonekana. Kuna saratani ya macho ya watoto, iitwayo retinoblastoma, ambayo huwapata hasa walio chini ya miaka 5. Huanzia nyuma ya jicho, na mara nyingi dalili ya kwanza ni mng'ao mweupe ndani ya mboni, kama jicho la paka usiku. Mchana huenda usiuone. Utauona jioni, au kwenye picha iliyopigwa kwa flashi, kwa kuwa flashi humulika kabla mboni haijawahi kunywea. Katika picha hiyo mboni zikiwa nyekundu, ni kawaida. Moja ikiwa nyeupe, usipuuze.

Weupe huo unaweza pia kuwa mtoto wa jicho, au picha tu imepigwa upande. Wa kutofautisha ni mtaalamu.

Basi fanyeni hivi:

1. Mtazame mtoto machoni jioni, kwenye mwanga hafifu, jicho moja baada ya jingine. Usimmulike machoni kwa muda mrefu.

2. Ukiona weupe, au makengeza, mpeleke kliniki iliyo karibu bila kungoja. Omba barua ya kwenda kwa madaktari wa macho katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi.

3. Usimtie jichoni maziwa ya mama wala dawa ya miti shamba.

Mwanzoni mtoto haumwi na hucheza kama kawaida. Hapo ndipo wengi hudanganyika. Saratani hii ikigunduliwa mapema hutibika, na mara nyingine hata jicho huokolewa. Ikicheleweshwa huweza kufika ubongoni na kuua.

Leo jioni, kabla mtoto hajalala, mtazame machoni.